Kanga na kwale kabla ya Julai: shamba safi, shamba la mchanganyiko, au kipande kilicholazwa?

Mwezi wa tano nilipalilia mikorosho yangu nikaacha upande mmoja haujaguswa, kama hatua thelathini hivi upana wake, nyasi zimenifika kifuani na vichaka vya hapa na pale. Mjomba akapita na baiskeli, akasimama, akaangalia weee, akaniuliza, "Mjomba, hapa umechoka au umeishiwa hela ya vibarua?" Shamba lake liko ng'ambo ya njia na kiukweli chini ya mikorosho yake unaweza ukatandika mkeka ukalala mchana kutwa, hakuna hata jani. Sasa huyu huyu mjomba ndo anayelalamika kila siku kwamba kanga wamehama, zamani walikuwa wanapita mpaka uani kwa bibi, na yeye ana shotigani yake ya leseni na kila mwaka anasubiri msimu wa uwindaji ufunguliwe Julai kama mtoto anavyosubiri Idi. Nikamwambia kanga hawajahama mjomba, wamevuka njia tu, wako kwangu. Akacheka, hakuamini.

Basi nimeona niandike maana swali hili huku kwetu kusini mwa Tanzania, Nachingwea, Masasi, Ruangwa mpaka Nanyumbu watu wanalizungumza sana msimu wa uwindaji ukikaribia, na kila mtu ana jibu lake. Kama una heka zako tano au kumi na unataka ndege wawepo, uwe unawinda kwa kibali au unapenda tu kuwasikia asubuhi, ufyeke lote, uchanganye mazao ubakize kingo, au ulaze kipande kabisa, yaani ukiache bila kulima? Nimeziona zote tatu, mbili kwangu na moja kwa mjomba.

Kwanza tuelewane ni ndege gani maana watu wanachanganya. Kanga ni yule wa madoa meupe na kichwa chenye pembe kama kofia, anatembea kundi, anapenda uwazi uliochanganyika na vichaka, usiku analala juu ya mti. Kwale, hasa huyu wetu wa shingo nyekundu, anatembea na mwenzake au na familia ndogo, hapendi uwazi, anakaa ukingoni mwa shamba, akishtuka anakimbia kwanza, kuruka baadaye. Halafu kuna kororo, huyo wa manyoya ya kujikunja kichwani kama kavaa wigi, huyo ni wa msitu mnene, kama kule Rondo na misitu ya pwani, ukiwa na shamba la ufuta usijisumbue naye. Kwa hiyo humu nitasema kanga na kwale tu, na mapema niseme hawa wawili hawataki kitu kimoja, wengi hapo ndo wanapokosea, wanatengeneza shamba la kanga halafu wanashangaa kwale hawapo.

Haya tuanze na shamba safi kama la mjomba. Faida zake zipo na sitazificha. Korosho ikianguka unaiona, vibarua hawaogopi nyoka, moto ukija hauna cha kula. Kanga nao mwanzoni wanalipenda, kundi linapita chini ya mikorosho linaparua, linaokota wadudu, na wanaona mbali kama kuna mbwa au mtu anakuja. Shida ni kwamba wanapita tu. Hakuna pa kutagia. Kanga jike anatagia chini, anaparua kishimo kwenye nyasi nzito au chini ya kichaka, anaweza akawa na mayai sita mpaka kumi na mbili na anayalalia karibu wiki nne, sasa wiki nne za kukaa chini bila kuonekana na kunguru, nyegere, kenge na watoto wa watu wenye manati, atakaa wapi kwenye shamba la mkeka? Kwale ndo kabisa, shamba safi kwake ni kama uwanja wa mpira, anapita mbio ukingoni asubuhi na jioni, basi.

Tena mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba zinaisha Aprili, na ndege hawa wanatotoa humo humo kwenye mvua. Kwa hiyo kanga utakayemwona Julai ameamuliwa Februari. Wengi tunafikiria makazi ya ndege mwezi wa sita tukishaanza kusikia habari za vibali, wakati huo umeshachelewa, ukifyeka au usifyeke mwezi wa sita utabadilisha tu mahali watakapokaa, idadi yao ilishapangwa. Hili ndo jambo nimechukua miaka kulielewa.

Na hapo kwenye Februari kuna kitu kingine, dawa ya magugu. Kifaranga wa kanga na wa kwale wiki za kwanza hali mbegu, anataka wadudu, panzi wadogo, mchwa, viwavi, na hao wadudu wanakaa kwenye magugu. Ukipuliza dawa ya magugu Januari na Februari shamba zima mpaka kwenye kingo umeua chakula cha vifaranga hata kama hujagusa kiota. Watu wanalaumu salfa tunayopulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, mimi nadhani wanalaumu isivyo, salfa inaanza mwezi wa sita huko machipukizi na maua yanapokuja, vifaranga wengi wakati huo wameshakuwa wakubwa wanakula mbegu. Zile sumu za mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, ndo ningekuwa nazo makini zaidi, na hata hapo kama una maji moto wengi, wale chungu wekundu wa kwenye miti, kwenye mikorosho yako wenyewe wanamfukuza huyo mbu, huhitaji kumimina dawa kila wiki. Waulize watu wa utafiti Naliendele, hilo la maji moto wanalijua siku nyingi.

Shamba la pili, la mchanganyiko. Mimi nina heka tatu za ufuta na mbaazi, mihogo pembeni, na kingo sijazipalilia. Hili kwa mwezi wa saba ndo tamu kuliko yote, na sababu ni rahisi, ufuta tunavuna Mei na Juni, tunafunga matita tunayasimamisha yakauke, halafu tunakung'uta kwenye turubai. Hata uwe makini vipi ufuta unamwagika. Nilikaa asubuhi moja juu ya kichuguu kuangalia mahali nilipokung'utia siku tatu nyuma, kundi likaja, kumi na saba nimewahesabu mara mbili, wakubwa wako pembeni vichwa juu na wale wa mwaka huu wenye shingo nyembamba na pembe fupi wako katikati wanadonoa mbio mbio kama cherehani, na kila baada ya muda mmoja wa pembeni anaingia kula na mwingine anatoka kusimama zamu. Nilivyokohoa tu hawakuruka, walikimbia wote kwa mstari kuingia kwenye mbaazi.

Hizo mbaazi sasa. Mbaazi Julai bado imesimama, inavunwa mpaka Septemba huko, kwa hiyo wakati nyasi zingine zinakauka na watu wanaanza kuchoma, mbaazi ni msitu mdogo ndani ya shamba lako. Kwale wanakaa humo na kwenye mihogo, chini kuna kivuli na njia za kukimbilia, juu mwewe haoni. Kama unataka kwale na hujapanda mbaazi wala mihogo basi utegemee vichaka peke yake.

Hasara ya mchanganyiko ipo, kanga anafukua. Ukipanda karanga au mahindi Desemba, zile siku tano sita kabla mbegu haijatoka, kundi la kanga linafuata mstari kama limeajiriwa. Dawa yake ni mtoto na debe, alfajiri na jioni, hakuna ujanja mwingine nilioona unafanya kazi. Ila ukishaota wanaacha, wanarudi kuokota wadudu, hapo wanakufanyia kibarua cha bure.

Shamba la tatu, la kulaza. Kipande unakiacha miaka miwili mitatu hakilimwi. Mwaka wa kwanza ni magugu tu, mbegu tele, kanga wanalipenda. Mwaka wa pili nyasi zinashikana na vichaka vinaanza, hapo ndo viota, kwale wanahamia. Ukipita mwaka wa nne wa tano bila kugusa linakuwa pori, kanga wanapungua kwa sababu hawaoni mbali na hawawezi kutembea kundi, wanabaki kwale, halafu wanakuja nguruwe pori na ngedere na hapo mahindi ya jirani yanakuwa kesi yako. Kwa hiyo kulaza siyo kuacha milele, ni kuzungusha, hiki mwaka huu, kile mwaka kesho kutwa. Wazee walikuwa wanafanya hivi bila mtu kuwaambia, ukipita kwenye mahame ya vijiji vya zamani, miembe imebaki na kuta zimeanguka, utakuta kwale kila kona, na kanga wanalala juu ya ile miembe.

Kuna watu nchi nyingine wamelifanyia hili mahesabu kwelikweli. Jimbo la South Dakota kule Marekani wana ndege anaitwa fezanti, jamii moja na kuku na kwale, dume lina rangi ya shaba na pete nyeupe shingoni, asili yake Asia, wakapelekwa kule, na uwindaji wa kwanza jimboni ukafunguliwa 1919, siku moja tu. Siku hizi msimu unafunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na ni kama sikukuu. Huyo fezanti anaishi mashambani kama kanga wetu, anatagia chini, kifaranga wake anataka wadudu. Sasa 1985 serikali yao ikaweka mpango wa kumlipa mkulima akubali kuacha ardhi yake iwe nyasi miaka 10 mpaka 15, mwaka 2007 zikafika zaidi ya heka milioni 36 nchi nzima. Ndege wakajaa. Halafu bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, watu wakalima zile nyasi, ndege wakashuka. Mahindi yaliongezeka, chakula kiliongezeka, ndege wakapungua, maana shida yao haikuwa chakula, ilikuwa pa kulalia mayai. Hapo mjomba angesikiliza angenielewa.

Kitu kingine nilichopenda kwao ni jinsi walivyokuwa wanahesabu. Kwa miaka mingi walikuwa wanaendesha gari taratibu asubuhi na mapema, mwisho wa Julai mpaka katikati ya Agosti, barabara za maili 30 kila moja, wanahesabu mama na vifaranga, kwa sababu asubuhi kukiwa na umande ndege wanatoka kwenye nyasi wanakuja barabarani kujikausha. Nikasema mbona hata kwale wetu wanafanya hivyo hivyo, mwezi wa tatu wa nne ukienda shamba alfajiri njia imejaa kwale! Kwa hiyo mimi sasa hivi nahesabu njiani Machi na Aprili, mara tatu nne, mwendo ule ule na saa ile ile, naandika kwenye daftari la vibarua. Kanga nawahesabu jioni wanapopanda kulala, wanapiga kelele sana kabla ya kutulia, unajua mti upo wapi kabla hujauona. Usiende na tochi, watahama mti na utapoteza hesabu.

Ila tusiige kila kitu. Kule wanapiga madume tu, dume na jike wanajulikana kwa rangi hata wakiwa angani, na dume mmoja anatosha majike wengi. Kanga dume na jike wanafanana, tofauti unayoweza kuisikia ni sauti, jike ana ule mwito wa vipande viwili anaourudia, sasa nani atasubiri aite kabla ya kufyatua. Tena kanga wanakaa wawili wawili wakati wa kutaga. Ukitoa watano kwenye kundi la kumi na saba umegusa wazazi wa mwakani, hakuna namna. Mimi kundi likiwa chini ya kumi silisogelei kabisa, hiyo ni sheria yangu mwenyewe, na mjomba anasema mimi mwoga.

Tofauti nyingine, huku hakuna anayekulipa kuacha nyasi. Kwa hiyo usilaze ardhi yako nzuri, utajuta na mke atakuuliza. Laza pale ambapo hapakulipi, kwenye vichuguu ambako trekta halipiti, penye mawe, bondeni maji yanapotuama mkorosho unakuwa mnyonge, kona za mpakani. Kichuguu peke yake na vichaka vyake ni hoteli, mchwa kwa ajili ya kanga na kumbikumbi mvua za kwanza zikianguka. Waingereza walikuja hapa hapa Nachingwea na mpango wao wa karanga, 1947 mpaka wanaacha 1951, wakang'oa miti kwa matrekta makubwa mpaka reli ikajengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo, mwisho karanga hazikupatikana za maana na reli nayo ikang'olewa. Mimi ningekuwa na mashine ningeisimamisha kwanza mbele ya kichuguu.

Sasa moto, maana hapa ndo mjomba ana hoja na lazima nimpe haki yake. Ukiacha kingo za nyasi kavu karibu na mikorosho, mwezi wa nane mtu anafukuza panya huko au anaandaa shamba, moto unakuja na upepo, na mkorosho wenye maua ukipigwa moto msimu umeisha. Nimeona shamba la jirani heka nne zimegeuka rangi ya kahawia asubuhi moja, mtu mzima kakaa chini haongei. Kwa hiyo kingo zinaachwa kwa akili. Kipindi chote cha hatari, Juni mpaka Septemba, huku unavuma kusi, unatoka kusini mashariki. Acha vichaka vyako upande wa kaskazini magharibi mwa shamba, moto ukiviwasha upepo unausukuma nje, hauji kwako. Upande wa kusini na mashariki safisha kama mjomba. Katikati ya vichaka na mkorosho wa kwanza chimba barabara ya moto, hatua nne tano za udongo mtupu, na hiyo nayo kanga wanaitumia kuoga vumbi. Hakikisha tu huko unakousukuma moto hakuna shamba la mtu, isije ikawa umemhamishia mwenzako msiba.

Na kama ni lazima uchome, choma mapema, mwisho wa Mei au Juni nyasi zikiwa nusu mbichi, jioni, moto unakwenda kwa viraka na kuacha pa kujificha. Pita kwanza kwa miguu, kwale wengine wanachelewa kutotoa. Moto wa Septemba hauachi kitu.

Maji nayo. Kanga anakunywa kila siku kiangazi. Ukiwa jirani na Lukuledi, Mbwemkuru au Ruvuma huna shida, ila ndugu zangu wa Newala na Tandahimba juu ya mlima, kule maji ya juu ya ardhi ni ya shida hata kwa watu, huko ningechagua kwale, acha kingo na mbaazi, habari ya makundi makubwa ya kanga usiipe kipaumbele. Au uweke beseni la maji lililofukiwa usawa wa ardhi, lakini mbuzi wa jirani watakushukuru kabla ya kanga.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague lipi, inategemea. Una mikorosho tupu na unaogopa moto, fanya shamba safi lakini vichuguu na kona ya kaskazini magharibi usiguse, utapata kanga wa kupita na wachache wa kutotoa. Una heka tano na nguvu za kulima, chukua mchanganyiko wa ufuta na mbaazi na kingo, huo ndo wangu na siubadilishi, kanga na kwale wote wapo Julai. Una ardhi kubwa isiyokupa kitu, laza kwa mzunguko wa miaka mitatu. Ila usilaze zote kwa mpigo ukasema unafuga kwale, utafuga nguruwe.

Halafu jamani, ndege akiwa shambani kwako siyo kuku wako. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009 unahitaji kibali hata kwa kanga, na bunduki iwe na leseni yake, tanzi, sumu, tochi usiku na kuwasha moto ili ndege watoke ni makosa hata kama shamba ni la baba yako. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya mapema, usingoje Juni thelathini. Na wale wa Nanyumbu, Lukwika-Lumesule ni pori la akiba liko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kundi likivuka mpaka likaingia kule liache, usijifanye unalirudisha.

Juzi jioni mjomba kaja na baiskeli, hakusema kitu, kaiegemeza kwenye mkorosho tukakaa wote kwenye kichuguu. Saa kumi na mbili na robo wakaanza zile kelele zao, mmoja akapanda mwembe, wa pili, wa tatu, mjomba vidole vinatembea kwenye goti anahesabu. Akafika kumi na tisa akanipinga, mimi nilikuwa na kumi na nane. Wakati anaondoka akauliza kama hajali vile, "Ile kona yangu ya kule kwenye kichuguu kikubwa, kusi inaipiga au haiipigi?"